Amana Iliyomo Diskini: Hukumu ya Kupunguza Bila Kuhakiki

Kupunguza volyumu ya diski ni kuusogeza ndani mpaka wa mwisho wa hifadhi ilhali vitu bado vimo. Kazi yenyewe ni amri chache zinazoandikwa kwenye terminali, na anayeziandika kwa kawaida si mwenye vitu hivyo. Ni msimamizi wa seva ya hospitali, ya chuo, ya chama cha ushirika au ya gazeti. Hesabu, picha na barua zilizomo ni za watu ambao wengi wao hawatajua kamwe kwamba mpaka uliguswa. Tena amri inayousogeza mpaka hufanya kazi kwa hesabu za bloku tu, haifungui faili hata moja. Ndipo linapozuka swali ambalo ni la kifalsafa na la kidini kabla halijawa la kiufundi: mtu akipunguza hifadhi ya wengine bila kuhakiki, kisha ikatokea kwamba hakuna kilichopotea, je, ana kosa? Na kama analo, ni uhakika wa kiasi gani unaomtosha mtu kubonyeza kitufe cha mwisho?

Jibu linaanzia kwenye namna hifadhi inavyopangwa. Chini kabisa ipo diski. Juu yake huwa kuna patisheni, na katika seva nyingi za Linux kuna LVM, meneja wa volyumu aliyeandikwa kwanza na Heinz Mauelshagen mwaka 1998. LVM huigawa diski katika vipande vya ukubwa sawa, kwa kawaida mebibaiti 4 kila kimoja, na volyumu kwake ni orodha ya vipande hivyo, basi. Juu ya volyumu hukaa mfumo wa mafaili, kama ext4, na huo ndio unaojua majina, saraka, wamiliki na mahali kila faili lilipo. Tabaka la chini halijui la juu limeweka nini. Kipande chenye rekodi za wagonjwa na kipande ambacho hakijawahi kuandikwa kitu ni sawasawa mbele ya LVM. Ikiambiwa ikate, hukata.

Kukuza volyumu hakuna hatari ya namna hii. Huongezwa volyumu kwanza, kisha mfumo wa mafaili hutanuliwa uijaze, na ext4 huweza kutanuliwa hata watu wakiwa wanaendelea kuitumia. Anayekosea mpangilio hapo hukataliwa na programu: hakuna nafasi, jaribu tena. Kupunguza kunadai mpangilio wa kinyume. Mfumo wa mafaili ndio unaoanza kukunjwa, mafaili yaliyoko mkiani yahamishiwe mbele, na ext4 lazima kwanza ipachuliwe, isiwe inatumiwa na yeyote. Volyumu ndiyo inayofuata. Aliyeanza na volyumu amekata kitu asichokijua. Kukuza huongeza uwezekano bila kugusa kilichopo, na kwa hiyo hakudai elimu ya kilichopo. Kupunguza ni tendo linalodai elimu. Tofauti hii hailetwi na uzuri au ubovu wa programu, na hakuna toleo jipya litakaloiondoa.

Wahandisi wengine wamelichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kukataa kabisa. XFS, mfumo wa mafaili uliobuniwa na Silicon Graphics mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambao Red Hat iliufanya wa kawaida katika toleo lake la 7 mwaka 2014, kwa miaka mingi haukuwa na njia yoyote ya kupunguzwa. Keneli ya Linux 5.12 ya mwaka 2021 iliruhusu tu kuondoa nafasi isiyotumika iliyoko mwisho kabisa. Volyumu za EBS za Amazon hukua na hazipungui. Anayetaka ndogo huunda mpya na kunakili vitu kutoka kwa ya zamani, na ya zamani hubaki ilivyo mpaka mwenyewe aridhike. Windows tangu Vista ya mwaka 2007 inaruhusu kupunguza kwa diskpart, lakini humwambia mtu mapema kiwango cha juu kinachowezekana, kwa sababu kuna mafaili ambayo haiwezi kuyahamisha ikiwa inafanya kazi, na mpaka hauwezi kuyapita.

Hatari inaonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja ulio wa kawaida kabisa. Msimamizi ana mfumo wa ext4 wa gibibaiti 100 ndani ya patisheni, na anataka ubaki wa 50. Anaupachua, anaukagua, anaandika resize2fs na ukubwa wa 50G. Programu inahamisha bloku zilizoko nyuma, inasahihisha kumbukumbu zake, na kumaliza salama. Kisha anafungua parted na kuuweka mwisho wa patisheni ili nayo iwe ya 50GB. Kila kitu kinaonekana sawa, hamsini kwa hamsini. Lakini resize2fs inapoambiwa G huhesabu kwa vipeo vya mbili: G moja ni baiti 1,073,741,824. Parted ikiambiwa GB huhesabu kwa vipeo vya kumi: baiti 1,000,000,000. Mfumo wa mafaili sasa una baiti 53,687,091,200, na patisheni ina 50,000,000,000. Zimekatwa baiti 3,687,091,200. Kwa bloku za baiti 4,096, bloku kuu ya ext4, yenye kumbukumbu za mfumo mzima, inatangaza kuwa zipo 13,107,200, na kifaa kina 12,207,031. Bloku 900,169 ziko nje ya mpaka, yaani zaidi ya makundi 27 ya bloku ambayo ext4 inayahesabu kuwa yake. Keneli ikiambiwa iupachike mfumo huo hukataa, ikieleza kwamba hesabu ya bloku imezidi ukubwa wa kifaa.

Mfano wa pili ni mfupi. Volyumu ya LVM ni ya gibibaiti 100. Amri ya lvreduce yenye -L -20G huondoa 20 na kubakiza 80. Amri hiyo hiyo yenye -L 20G hubakiza 20. Kinachozitenganisha ni kistari kimoja, na thamani ya kistari hicho ni gibibaiti 60, vipande 15,360 vya LVM. Programu hutoa onyo na kuuliza ndiyo au hapana, na matoleo yake ya karibuni hulinganisha kwanza na ukubwa wa mfumo wa mafaili uliomo. Hata hivyo mtu aliyezoea kuongeza -y au --force katika amri zake amelinunua jibu la swali kabla halijaulizwa.

Sasa ichukuliwe kwamba msimamizi wa mfano wa kwanza alikuwa na bahati. Aligundua, akaurudisha mpaka mahali ulipokuwa, na mfumo ukapachikwa bila hata herufi moja kupungua. Kusogeza mpaka wa patisheni hakufuti kilichoandikwa. Je, kuna la kuhukumiwa?

Mwaka 1877 mwanahisabati wa Uingereza William Kingdon Clifford aliandika insha juu ya maadili ya kuamini, na ndani yake akaeleza habari ya mwenye meli aliyekuwa na mashaka juu ya chombo chake kikuukuu. Badala ya kukikaguza, alijituliza nafsi mpaka akaamini kwa dhati kwamba ni kizima, akakipeleka baharini na watu ndani. Meli ikazama. Clifford anamhukumu kuwa na hatia ya vifo vyao, kisha anasema jambo ambalo ndilo kiini cha insha nzima: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Kosa lilikamilika siku alipoamini bila kuwa na haki ya kuamini. Yaliyotokea baharini yalifichua kosa tu au kulificha.

Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1976, Bernard Williams na Thomas Nagel walileta ugumu. Nagel alitoa mfano wa dereva aliyezembea kukagua breki. Mtoto akikatiza barabarani, dereva huyo ni muuaji kwa uzembe. Asipokatiza mtoto, ni mzembe tu, na pengine hakuna atakayejua. Watu wote huwahukumu wawili hao tofauti sana ingawa walichofanya ni kimoja, na kilichowatofautisha hakikuwa mikononi mwao. Nagel hakudai kwamba hukumu hiyo ni sahihi. Alionyesha kwamba ni vigumu kuiacha na ni vigumu kuitetea.

Fiqhi ya Kiislamu ilikuwa imelitenganisha jambo hili zamani, tena kwa njia inayowafaa watu wa seva kuliko mjadala wa Williams na Nagel. Inatofautisha dhambi na dhamana. Aliyewekewa mali ya mwenzake anaishikilia kwa mkono wa amana: ikiharibika bila yeye kuvuka mipaka wala kuzembea, halipi chochote. Akivuka mipaka au akizembea, amekosa papo hapo, na kuanzia hapo amekuwa mdhamini, atalipa hasara ikitokea. Isipotokea hasara halipi, kwa kuwa hakuna cha kulipa, lakini kosa lake halikufutwa na usalama wa mali. Mtu anayepunguza bila kuhakiki na mambo yakaenda sawa anaangukia hapa: hana deni, ana kosa.

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki na ambayo kitabu chake cha Minhaj cha Imamu Nawawi kimesomeshwa vizazi kwa vizazi katika vyuo vya mwambao, jambo linakazwa zaidi. Mwekewa amana aliyeitumia visivyo, kisha akairudisha mahali pake, hajarudi kuwa mwaminifu kwa kuirudisha tu. Anabaki mdhamini mpaka mwenye mali ampe amana upya. Wahanafi wanasema akirudi kwenye masharti, dhamana inamwondoka. Tofauti hiyo ya rai ina maana kubwa kwa msimamizi aliyekata vibaya na kurudisha mpaka kimyakimya. Kwa Wahanafi, kurudisha kunatosha kuiondoa dhamana. Kwa Washafi, mwenye data anapaswa kuambiwa na kuridhia tena, na mpaka afanye hivyo, lolote litakalozipata data hizo baadaye, hata lisilohusiana na kosa la kwanza, liko shingoni mwa msimamizi. Rai ya Kishafi ndiyo yenye nguvu hapa. Mwenye data haoni kinachotendeka ndani ya seva, hana anachokitegemea ila uaminifu wa anayeona, na uaminifu ulioharibika sirini hautengenezwi sirini.

Ikishakubaliwa kwamba kosa limo katika kutenda bila msingi, linabaki swali la msingi wenyewe: ni uhakika gani unaotosha? Miongoni mwa kanuni kuu tano za fiqhi imo ile isemayo kwamba yakini haiondoki kwa shaka tu. Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyokamilika mwaka 1876, iliiweka miongoni mwa vifungu vyake vya mwanzo. Chini ya kanuni hiyo hukaa dalili iitwayo istishabi: kilichojulikana kuwa katika hali fulani huhesabiwa kubaki katika hali hiyo mpaka ithibitike kuwa kimebadilika. Aliyetawadha akatilia shaka kama udhu umetenguka, bado ana udhu.

Mfumo wa ext4 hufanya kazi za kila siku kwa kanuni inayofanana kabisa na hii. Katika bloku kuu kuna alama inayosema kwamba mfumo ulifungwa ukiwa safi. Programu ya ukaguzi, e2fsck, ikiikuta alama hiyo kwa kawaida huiamini, hutangaza kuwa mfumo ni safi na kuondoka bila kupekua. Kwa matumizi ya kawaida hilo ni sawa. Kompyuta ambayo ingekagua kila bloku kila inapowashwa isingefaa kitu. Lakini resize2fs, iliyoandikwa na Theodore Ts'o, haikubali istishabi. Kabla ya kupunguza hutazama tarehe mbili zilizomo katika bloku kuu: siku mfumo ulipokaguliwa mara ya mwisho, na siku ulipopachikwa mara ya mwisho. Ukipachikwa baada ya kukaguliwa, hata kama alama inasema safi, programu husimama na kudai e2fsck ifanywe kwa -f, yaani upekuzi kamili bila kuitegemea alama. Kuna hekima kubwa katika mstari huo mdogo wa programu. Hali iliyotosha kwa kuendelea kutumia haitoshi kwa kuhamisha na kukata, kwa sababu kosa dogo lililolala katika ramani ya bloku halimdhuru mtu mpaka pale ramani hiyo itakapotumiwa kuamua kipi kihamishwe na kipi ni tupu. Uzito wa tendo ndio unaopandisha kiwango cha uhakika unaodaiwa.

Kupandisha huko nako kuna mwisho. Kanisa Katoliki lilipambana na pande zote mbili za jambo hili katika miaka 11. Mwaka 1679 Papa Innocent wa Kumi na Moja alizilaani hoja 65 za walegevu, na ya kwanza ilihusu kufuata rai yenye uwezekano tu katika kuadhimisha sakramenti na kuacha iliyo salama zaidi. Mwaka 1690 Papa Alexander wa Nane akalaani ukali wa upande wa pili, uliodai kwamba si halali kufuata hata rai yenye uwezekano mkubwa kuliko zote. Fiqhi nayo, katika matendo mengi, hutosheka na dhana yenye nguvu pale yakini isipofikika. Msimamizi hawezi kuwa na yakini kwamba umeme hautakatika katikati ya kuhamisha bloku, wala kwamba diski haina kasoro iliyojificha. Akidaiwa yakini hiyo hatatenda kamwe, na hifadhi itabaki imegawanywa vibaya, volyumu moja imejaa na nyingine haina kitu. Anachodaiwa ni kuziondoa shaka zilizo ndani ya uwezo wake: akague kwa -f, aulize kwa resize2fs -P ukubwa wa chini unaokadiriwa, asome kipimo kwa baiti au kwa bloku badala ya kutegemea herufi G, aisome amri yake mara ya pili akitafuta kistari.

Shaka ya vipimo ina dawa ya namna yake, na dawa hiyo ni ya kale. Mafaqihi wa Kishafi wanasema anayeosha uso katika udhu aoshe na kidogo kilicho nje ya mpaka wa uso, kwa sababu mpaka wenyewe haushikiki kwa kidole na wajibu hautimii kwa hakika ila kwa kuuvuka kidogo. Wasimamizi waangalifu wanafanya vivyo hivyo upande wa pili wa mpaka. Volyumu inayotakiwa kuwa ya gibibaiti 50, mfumo wake wa mafaili hukunjwa kwanza hadi 45. Kisha volyumu hukatwa ifike 50. Mwishowe resize2fs huandikwa bila kutajiwa ukubwa wowote, nayo hutanuka mpaka ijaze volyumu iliyopo. Tanuko hilo la mwisho halina hatari, kwa sababu ni kukuza. Hitilafu ya baiti bilioni 3.7 iliyoelezwa juu ingemezwa na nafasi hiyo, na msimamizi asingejua hata kwamba ameokolewa. LVM ina njia ya kuzifanya hatua zote mbili kwa amri moja, lvreduce -r, inayoita yenyewe ukaguzi na ukunjaji kabla ya kukata. Ndiyo njia bora inapowezekana, kwa kuwa inalirudisha tendo katika mikono ya tabaka linaloijua mali.

Wengi watasema kwamba nakala ya akiba inaumaliza mjadala: ikiwa ipo, hakuna tendo lisilorudishika, na kwa hiyo hakuna la kuogopa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina masharti. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa popote ikafunguka ni dhana tu ya nakala. Anayeitegemea anafanya alichofanya mwenye meli wa Clifford, anaamini kwa sababu kuamini kunamwondolea kazi. Nakala ya jana usiku pia haina kazi ya leo asubuhi. Lililo la kina zaidi ni kwamba wakati wa kosa na wakati wa hasara si kitu kimoja. LVM ikikata vipande kimakosa, kilichobadilika ni orodha yake tu. Data bado ziko diskini. LVM huhifadhi orodha zake za zamani katika /etc/lvm/archive, na vgcfgrestore huweza kuirejesha ya kabla ya kosa, na volyumu ikarudi kama ilivyokuwa. Dirisha hilo hufungwa pale vipande vilivyoachwa vinapopewa volyumu nyingine na kuandikwa juu yake. Huweza kufungwa papo hapo pia, ikiwa mpangilio wa issue_discards umewashwa: hapo LVM huiambia diski ya SSD kwamba vipande hivyo havihitajiki tena, na diski huvitupa. Kwa kawaida mpangilio huo umezimwa. Mwanafalsafa Mjerumani Hans Jonas, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wajibu, alifundisha kwamba pale matokeo yasiporudishika, utabiri mbaya usikilizwe kabla ya mzuri. Kwa kazi hii fundisho lake lina umbo dogo na la wazi: aliyetoka kupunguza asiigawe nafasi aliyoipata siku hiyo hiyo.

Linabaki swali la kama kilichorudishwa ndicho kilichowekwa. Katika fiqhi, mkopo hulipwa kwa mfano wa kilichokopwa, shilingi kwa shilingi nyingine. Amana hurudishwa yenyewe, ile ile. Katika kupunguza, bloku zilizokuwa mkiani zimenakiliwa mbele na asili zimeachwa. Hata namba za mafaili hubadilika. Katika ext4 kila faili lina inodi yenye namba, na inodi zilizoko katika makundi yanayokatwa hupewa namba mpya katika makundi yanayobaki, kisha resize2fs hupitia saraka zote na kusahihisha. Jina ni lile lile, maandishi ni yale yale. Mahali ni pengine na namba ni nyingine. Katika XFS namba ya inodi hubeba ndani yake mahali inodi ilipo, hivyo kuihamisha ni kuibadilisha namba, na hii ni moja ya sababu zilizofanya kupunguza XFS kuwe kugumu. Wanafalsafa wa Kiyunani walibishana juu ya merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao zote, na Thomas Hobbes mwaka 1655 akaongeza: je, zile mbao kuukuu zikikusanywa na kuundwa upya, ipi ndiyo merikebu?

Kwa data, ugumu huo una jibu ambalo merikebu haina. Aliyeweka picha ya mamake diskini hakuweka sumaku wala chembe za umeme. Aliweka mpangilio wa baiti, na mpangilio huo ukiwa kamili popote ulipo, ndicho kitu chenyewe kilichowekwa. Tena unaweza kuthibitishwa. Alama ya sha256sum iliyochukuliwa kabla ya kazi ikilinganishwa na iliyochukuliwa baada yake, faili kwa faili, hutoa dhana yenye nguvu kiasi kwamba tofauti yake na yakini haina athari katika matendo. Ndiyo maana ulinganisho huo ni sehemu ya kurudisha amana. Mfumo ukipachikwa bila malalamiko, hiyo ni dalili kwamba ramani ni nzima; haisemi lolote juu ya kilichomo ndani ya mafaili. Pale ambapo programu nyingine imehifadhi namba za inodi, au mteja wa NFS ameshikilia kitambulisho cha faili kwa namba hiyo, mwenyewe anastahili kuambiwa mapema, maana kwake kitu kitakuwa kimehama ingawa hakikubadilika.

Mwisho kuna nafasi iliyoachwa. Vipande vilivyotolewa kwenye volyumu bado vimebeba nakala kuukuu za data zilizohamishwa, pamoja na mabaki ya mafaili yaliyofutwa zamani. LVM inapounda volyumu mpya juu yake hufuta kibibaiti 4 za mwanzo na alama za mifumo iliyotangulia. Yaliyobaki hayaguswi, na atakayepewa volyumu hiyo akiwa na mamlaka ya kusoma kifaa moja kwa moja anaweza kuyasoma. Hapa wajibu mbili zinavutana. Kuhifadhi mali kunataka mabaki yaachwe ili kosa likigunduliwa yarejeshwe. Kuhifadhi siri kunataka yafutwe kabla mtu mwingine hajaingia. Muda ndio unaoupa kila wajibu zamu yake. Maadamu ukaguzi wa mwisho, ulinganisho wa alama na uthibitisho wa mwenye data havijakamilika, vipande hukaa bila kugawiwa na bila kufutwa. Vikikamilika, huandikwa sifuri au kutupwa kwa blkdiscard pale diski inapohakikisha kwamba kilichotupwa hakisomeki tena, na hapo ndipo huwa halali kumpa mwingine.